Fundi wa mashine za boti Pangani: mashine inakojoa vizuri na bado inachemsha, huyu mzee alijua pa kutafuta

Wadau wa boti salama. Nimeona niandike hili kwa ajili ya wenzangu wa Pangani, Ushongo, Kipumbwi mpaka kule Mkwaja, na mtu mwingine yoyote anaeendesha Yamaha Enduro 40 ile ya silinda mbili, maana tatizo la mashine kuchemsha linatumaliza hela na wengi tunazungushwa tu. Namuongelea fundi mmoja mzee ana banda lake Pangani mjini kando ya mto, ukitokea kwenye pantoni ya kwenda Bweni unatembea kidogo unaona mashine zimefungwa kwenye gogo na pipa la bluu limejaa maji. Jina lake silitaji kwa sababu hajanituma nimtangaze, ila ukiuliza pale fundi mzee wa mashine za boti hata mtoto anakupeleka. Nampa nyota 4 kati ya 5, na kama ingekuwa ni ufundi peke yake ningempa zote.

Mashine yenyewe ni E40X, namba zake zinaanza na 66T, cc 703, two-stroke ya kuchanganya oili na petroli. Wanaozijua wanajua ni mashine ngumu, haina mambo ya kompyuta, ndo maana pwani yote hii zimejaa. Boti yangu inapeleka wageni fungu la Maziwe, kile kisiwa cha mchanga baharini, maji yakiwa kupwa, siku zisizo na wageni inabeba samaki na mizigo. Tatizo lilikuwa hivi, ukiwasha inawaka mara moja, mtoni inatembea bila shida, na kile kitundu cha nyuma kinatoa maji vizuri tu, yani inakojoa kama kawaida. Ukishatoka lango la mto ukaifungulia mafuta yote, baada ya muda nguvu inashuka yenyewe, mlio unakuwa mzito, na kuna harufu ya rangi inayoungua. Ukipunguza ukaiacha sailensa, yani inaunguruma taratibu bila kuongezewa mafuta, inajirudia, ukiongeza tena mambo ni yaleyale. Sasa uko katikati ya Pangani na Maziwe, kusi linavuma, una wageni na watoto wao ndani, na mashine inataka kukuzimikia. Mi hilo ndo lilinikosesha usingizi kuliko hela.

Kabla ya huyu mzee ilipita mikono miwili. Wa kwanza alishusha gia boksi akabadilisha impela (kile kifeni cha raba) ya wota pampu kwa kiti, yani seti ya spea za pampu, ya bei rahisi ya dukani, akafunga, akaiwasha kwenye pipa, maji yakatoka kwa nguvu, akasema tayari. Ikatulia kidogo alafu tatizo likarudi vilevile. Wa pili hakufungua kitu, alisema hizi mashine kwa joto la huku kwetu hazihitaji themostati (kile kifaa kinachofungua na kufunga maji kufuata joto la mashine), ing'olewe itupwe basi. Hiyo nilikataa, na huyu mzee nilipomuelezea alisema nilifanya vizuri, nitaeleza mbele kwa nini.

Nilipofika pale kwanza hakushika spana. Aliuliza maswali. Inachemsha ikiwa sailensa au ikiwa fulu, yani mafuta yote? Inaanza baada ya muda gani? Maji ya kwenye kitundu ukiyashika ni ya baridi, vuguvugu au yanaunguza? Ilishawahi kuwashwa nchi kavu bila maji? Oili unachanganya kiasi gani? Boti ikiwa imebeba na isipobeba kuna tofauti? Ilishawahi kupanda mchanga? Alafu akamgeukia kijana wangu wa boti akamuuliza yeye peke yake maswali yaleyale, maana yule ndo anakaa nyuma na mashine siku nzima. Mimi mwenye boti nilikuwa najua nusu tu, kijana ndo alisema kwamba kipindi fulani walikwama kwenye mchanga pale langoni maji yakiwa yanakupwa na mashine ikawa inachota tope tupu.

Baada ya hapo akasema twende baharini. Wengi wanapima kwenye pipa na kumaliza, na kwenye pipa mashine haina mzigo, haiwezi kupata joto la kazi, kwahiyo tatizo la fulu huwezi kuliona hapo hata ukae mpaka jioni. Alibeba kile kipima joto cha kushika mkononi kama bastola chenye taa nyekundu, sio vile vya kipindi cha korona vya kupima homa, vile mwisho wake ni joto la binadamu, hiki ni cha mafundi kinapima mpaka mamia ya nyuzi. Tukatoka langoni, akavua kava la juu, akamwambia kijana afungue mafuta yote na ashike hivyohivyo. Akawa anapima hedi, kile kifuniko cha silinda, sehemu ya silinda ya chini, anapima sehemu ya silinda ya juu, anarudia, na muda wote anaangalia maji ya kwenye kitundu.

Mwanzo zote mbili zilikuwa kwenye hamsini na kitu. Baadae ya chini ikasimama kwenye sitini, ya juu ikawa inapanda tu, sabini, themanini, ilipopita 90 akasema punguza taratibu, usizime. Hilo la usizime nalo ni somo, kwa sababu pampu inazunguka na mashine, ukizima ghafla maji yanasimama na joto lote linabaki ndani ya chuma, kwahiyo kama maji bado yanatoka unaiacha sailensa ijipoze kwanza. Kama maji hayatoki kabisa hapo ndo unazima mara moja.

Akaniambia, "Mwanangu, pampu yako inasukuma. Maji yanapanda. Ila huko juu kuna mahali hayafiki."

Hapo nieleze njia ya maji kama alivyonichorea kwenye boksi la oili, maana ukiielewa hii hakuna fundi atakudanganya tena. Maji yanaingia kwenye vichungio vya pembeni ya gia boksi kule chini karibu na propela. Juu ya gia boksi ndo kuna pampu, ni kikombe tu ndani yake kuna impela ya raba yenye mapezi, inazungushwa na shafti ileile inayopeleka nguvu kwenye gia, na imeshikwa na kii ndogo ya chuma. Impela inasukuma maji kwenye bomba jembamba linalopanda mguuni mpaka kwenye injini. Kule juu yanazunguka kwenye koti la maji la egzosi, la silinda, yanaingia hedi, yanakutana na themostati. Mashine ikiwa ya baridi themostati imefunga, ikipata joto, kwa mashine hizi ni karibu nyuzi 50, inafunguka maji ya moto yanatoka na mapya yanaingia, alafu yanashuka kutokea njia ya egzosi. Kile kitundu tunachokiangalia kila siku ni tawi dogo tu la hiyo njia.

Kwahiyo maji yakitoka pale maana yake pampu inafanya kazi. Haina maana kwamba maji yamefika kila kona ya injini. Tena alisema njia ya juu ikiziba kitundu kinaweza kurusha maji kwa nguvu zaidi, kwa sababu presha haina pa kwenda inakimbilia hapo. Na kinyume chake kipo, mashine nzima kabisa lakini kitundu kimeziba na mchanga au mdudu kajenga, watu wanashusha gia boksi bure wakati kipande cha mshipi mnene wa kuvulia ukikipitisha pale maji yanatoka. Hilo la mshipi lifanye kwanza kabla ya jambo lolote, ni bure. La pili angalia vichungio kule chini, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019 lakini baharini bado inaelea, ikikaba pale pampu haina cha kunyonya, na mashine inayoachwa mguu ndani ya maji inaota chaza kwenye vile vitundu mpaka vinajifunga.

Turudi bandani. Akashusha gia boksi, na kabla hajaanza aliweka gia sehemu yake na akaangalia kile chuma cha kubadilishia gia kinavyoachana, maana ukikosea hapo unakuja kufunga mashine haina rivasi. Pampu ilipofunguka akanipa impela nishike mwenyewe. Ilikuwa ni ile mpya ya fundi wa kwanza, haijafika hata msimu mmoja, na mapezi yalikuwa yamelala upande mmoja hayanyanyuki tena, raba imekuwa ngumu, ukiibonyeza kwa kucha haibonyei. Ile pleti ya chini inapozungukia impela ilikuwa na mifereji ya duara, unaisikia kabisa ukipitisha kucha, ni mchanga wa langoni huo umesaga. Na kiti iliyonunuliwa ilikuja na pleti mpya lakini fundi wa kwanza alirudisha ya zamani, kijana aliikuta ile mpya kwenye boksi lake.

Ikabidi nishangae, nikamuuliza mzee mbona kasema pampu inasukuma. Akasema inasukuma, lakini imechoka, ingenifikisha mwezi mwingine alafu ingekufa kabisa, ila hii peke yake haifanyi silinda moja ichemke na nyingine iwe salama. Pampu ikiwa mbovu joto linapanda kote. Alafu akauliza swali ambalo ndo lililonifanya niandike haya yote. "Ile impela ya kwanza kabisa, iliyotolewa kabla ya hii, ipo?"

Kijana alikuwa nayo, alikuwa kaitunza kwenye boksi la vifaa. Mzee akaiosha akaigeuza mkononi, akahesabu mapezi, akatuonyesha mawili hayapo, yamekatika kwenye shina. Akasema "Haya mawili yameenda wapi?" Basi. Fundi wa kwanza aliitoa impela imekatika mapezi, akaweka nyingine, hakujiuliza vile vipande viko wapi. Na vipande vya impela havina pa kwenda ila juu, vinasukumwa na maji vinapanda na bomba mpaka vinakuta njia nyembamba vinakwama hapo, na chumvi inakuja kujengea juu yake.

Kufungua kule juu ndo kulichukua muda, na hapa naomba mnisikilize mnaofungua mashine wenyewe nyumbani. Bolti za hedi ni chuma na injini ni aluminiamu, vikikaa pamoja kwenye maji chumvi vinaliana vinashikana, ukilazimisha kwa spana ndefu bolti inakatikia ndani na hapo ndo hasara inaanza. Mzee hakulazimisha hata moja. Alipasha moto kwa tochi ya gesi kwenye aluminiamu kuzunguka bolti na sio kwenye bolti yenyewe, akagonga kichwa kwa nyundo ndogo, akaweka oili ya kupenya, akaacha, akarudi, akapasha tena. Alikuwa akiona moja inagoma anaihamia nyingine. Zote zilitoka nzima. Nimeona kwa macho yangu sehemu nyingine bolti zinakatwa kama miwa alafu mwenye mashine ndo analipia kutobolewa.

Ilipofunguka, koti la maji upande wa silinda ya juu lilikuwa limejaa kitu cheupe kigumu, ni chumvi na kutu ya aluminiamu vimeshikana, njia ya upana wa kidole ilikuwa imebaki nafasi ya njiti ya kiberiti. Na katikati ya ule weupe kulikuwa na kitu cheusi kimezikwa. Akakichokoa na kijiti, ni kipande cha pezi la impela. Kipande cha pili kilikuwa kimejibana kwenye mdomo wa themostati. Akavichukua akavipachika kwenye ile impela ya zamani pale palipokatika, vikakaa sawasawa. Kila aliyekuwepo pale bandani alikuja kuangalia.

Kusafisha alitumia vijiti na waya laini na siki, analoweka anachokoa anasuuza. Niliuliza kwa nini asitumie asidi kali wanayosafishia vyoo iishe haraka, akasema hiyo inakula aluminiamu yenyewe, utasafisha chumvi na ukuta wa silinda utatoboka. Aliangalia na plagi zote mbili, akasema kama gasketi ya hedi ingekuwa imepasuka maji yangekuwa yanaingia kwenye silinda na plagi yake ingekuwa imeoshwa inang'aa kuliko mwenzake. Zangu zilikuwa na rangi moja, akasema mshukuru Mungu. Kwenye kuta za silinda ya juu kulikuwa na mikwaruzo miepesi sana, alinionyesha, akasema pistoni ilikuwa imeanza kutanuka na kugusa, bado kidogo inoki, yani ikwame kabisa.

Themostati aliipima mbele yangu kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama ntilie wa pembeni (alilipia mkaa wake). Unaifunga na uzi inaning'inia isiguse chini ya sufuria, unaweka kipima joto ndani ya maji, unaangalia inaanza kufunguka kwenye ngapi na inafunguka yote au nusu. Yangu ilianza ikakwama katikati. Akasema hii ibadilishwe. Na hapo ndo alinieleza habari ya kuing'oa na kuitupa. Two-stroke isiyo na themostati inafanya kazi ikiwa ya baridi kupita kiasi, petroli haiungui vizuri, masizi yanajaa kwenye pistoni na egzosi, plagi zinalowa, na ukiwa unatembea taratibu kama sisi wakati wa kuvuka lango inaanza kukukohoa. Wanaoing'oa mara nyingi wanaficha tatizo lingine na themostati inabebeshwa lawama. Mi naamini kabisa ningemsikiliza yule wa pili kile kipande cha raba kingebaki palepale kwenye koti la maji na silinda ya juu ingekufa.

Kwenye kufunga nilijifunza vitu vidogo ambavyo vinaleta tofauti. Impela unaiingiza huku unazungusha shafti upande inaozunguka, mwendo wa saa ukiangalia kutoka juu, ili mapezi yalale upande wake, yakilala kinyume yanakatika mapema. Alipaka grisi kidogo ndani ya kikombe ili raba isizunguke kavu mara ya kwanza. Kwenye meno ya shafti kule juu alipaka grisi pembeni tu, ncha akaiacha safi, akasema grisi ikijaa kwenye ncha inakuwa kizibo, gia boksi inakataa kukaa mahali pake. Raba inayoshika bomba la maji ilibadilishwa, ile ya zamani ilikuwa imepasuka, na ikipasuka pampu inasukuma nusu ya maji inavuja njiani wakati we unalaumu impela. Bolti zote zilipakwa grisi ya maji chumvi kabla ya kurudi, na hedi ikapewa gasketi mpya ikakazwa na spana ya kipimo kuanzia katikati kwenda nje.

Tukarudi baharini na kipima joto kilekile. Fulu, boti imebebeshwa viroba vya mchanga badala ya abiria, muda mrefu kuliko ule wa mwanzo. Silinda zote mbili zikasimama chini ya sitini hazisogei. Toka hapo imeshafanya kazi msimu wa wageni wote, inaenda Maziwe inarudi, harufu hakuna, nguvu ipo mpaka mwisho. Kijana sahivi ana mazoea ya kudondosha matone ya maji juu ya hedi tukifika fungu, yakichemka na kuruka papo hapo ujue kuna shida, yakikaa na kukauka taratibu uko salama. Hicho kipimo ni cha mzee na hakihitaji kifaa chochote.

Kuhusu spea niseme jambo. Mzee hatumii kiti ya kuiga kwenye pampu, ukija nayo anakurudishia, na watu wengine wanamuona ana maringo. Mimi namuunga mkono. Kiti halisi niliyonunua ilikuwa bei karibu mara tatu ya ile ya fundi wa kwanza, ila raba yake unaibonyeza inarudi, pleti ni chuma kizuri, gasketi zinakaa bila kulazimisha. Kitu kimoja alichonifundisha ni namba. Kwenye spea za Yamaha zile tarakimu tano za katikati zinakwambia ni kitu gani, 44352 ni impela na 12411 ni themostati, herufi na namba za mwanzoni ndo zinaonyesha imetengenezwa kwa mashine ipi na zinatofautiana. Kwahiyo usiende dukani kusema nipe impela ya arobaini, maana arobaini ziko za aina nyingi, silinda mbili, silinda tatu, za zamani na za sasa. Nenda na namba ya mashine yako iliyopo kwenye kibati cha kwenye brakiti (kile chuma kinachoshika mashine kwenye boti), au nenda na impela yenyewe mkononi mlinganishe urefu wa mapezi na tundu la katikati.

Sasa ile nyota moja aliyoikosa. Kwanza ni muda, mzee anafanya kazi mwenyewe na kijana mmoja anaejifunza, mashine zinapanga foleni, na akikwambia kesho usipange safari ya kesho. Yangu ilikaa sana kwa sababu themostati ilibidi iagizwe Dar, na hakunipigia ilipofika, nilijua nilipopita mwenyewe. Simu yake ni ya bahati, akiwa kazini hapokei. Pili hatoi karatasi yoyote, hesabu anaitaja kwa mdomo, ni mwaminifu na spea za zamani zote anakurudishia kwenye mfuko uzione, lakini wenye boti za kampuni ambao lazima wapeleke risiti ofisini itabidi waje na kitabu chao. Tatu banda halina ukuta, mashine yako ikilala pale wiki nzima unakuwa na wasiwasi, mi nilimlipa mlinzi wa jirani.

Bei ya ufundi wake ilikuwa chini ya nilichowalipa wale wawili wa mwanzo ukijumlisha, na wale wawili hawakunitatulia chochote. Alinipunguzia na mwisho kwa sababu kijana wangu alishinda pale kumsaidia kuchokoa chumvi, jambo ambalo nawashauri wote, mwacheni baharia wenu akae na fundi mpaka mwisho.

Aliniachia maagizo ya kusuuza na nimeyashika. Kila jioni mashine inawashwa kwenye pipa la maji ya kisima mpaka ipate joto, kwa sababu themostati ikiwa imefunga maji matamu hayafiki kwenye hedi na chumvi inabaki palepale. Ukiisuuza dakika moja ikiwa ya baridi unaosha mguu tu. Maji ya mto Pangani hayahesabiki kama kusuuza hata yakionekana matamu, bahari inapanda mbali sana mtoni, na maji yakiwa yanashuka yana tope na mchanga ambavyo ndo vilikula pleti yangu. Na ukivuka langoni maji yakiwa madogo nyanyua mguu mpaka vichungio viwe ndani ya maji kidogo tu, uende taratibu, ukihisi propela imegusa zima sukuma kwa upondo.

Ukitaka kwenda kwake nenda masika yakiwa yamekolea, wageni hawapo na foleni ni fupi, Desemba usijaribu. Ijumaa anafunga kabla ya swala na mara nyingi harudi. Peleka mashine ikiwa haijafunguliwa na mtu, pamoja na tenki lake na spea zote zilizotolewa na fundi aliyepita, na nenda na yule anaeiendesha.